Pesti au pedi? Mwongozo kamili wa kuchagua kinachokaa kati ya chipu na hitisinki

Februari, kaskazi ikivuma na chumba changu cha kazi hapa Ngamiani, Tanga, kimeshafika nyuzijoto 32 kabla ya adhuhuri, mama mmoja mwenye steshenari aliniletea laptopu aliyoifunga kwenye khanga. Ilikuwa ikijizima kila alipochapa mitihani ya shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii imeshatiwa dawa mara mbili. Mara ya pili nikaambiwa nilipie ile ya bei, ile ya mpira. Mbona ndiyo imezidi?"

Niliifungua mbele yake. Juu ya prosesa palikuwa na kipande cha pedi ya buluu, kipya, kimekatwa vizuri kwa mkasi, unene wa milimita moja. Fundi aliyekiweka hakufanya uzembe. Kazi yake ilikuwa safi. Aliamini tu kwamba pedi ni pesti iliyoboreshwa, kwa hiyo atakayelipa zaidi awekewe pedi. Nikaitoa, nikasafisha, nikapaka pesti ya kijivu ya kawaida, ile dawa nzito ya kupitisha joto. Katika kazi ileile joto la prosesa likashuka kutoka nyuzi 98 hadi 71.

Jambo hili linanikera kwa sababu watu wanalipa pesa ya haki kwa kitu kizuri kilichowekwa mahali pasipo pake. Mwongozo huu ni wa fundi anayeanza, na pia wa mwenye kompyuta anayetaka kujua anachofanyiwa.

Mwanya ndio unaoamua

Kitako cha hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachotoa joto kwenye chipu, na mgongo wa chipu huonekana bapa kabisa, ila vina mabonde na vilima vidogo ambavyo jicho halivioni. Vikikutanishwa hugusana kwenye vilele, na kwingine kote hubaki hewa. Hewa hupitisha joto vibaya mno: kwa kipimo kile cha kupitisha joto kinachoandikwa W/mK kwenye pakiti, ina kama 0.026 tu, ilhali alumini ina karibu 237 na shaba karibu 400. Pesti hupakwa ili iingie kwenye mabonde na kuifukuza hewa.

Sasa tazama namba ya pesti yenyewe. Zile nyepesi za bei ya chini huandikwa karibu 2, za kati 5 hadi 8, na za bei kubwa 12 na ushei. Kwa hiyo pesti inaishinda hewa mara nyingi sana, lakini mbele ya shaba ni kizuizi. Ndiyo maana pesti inatakiwa iwe nyembamba kadiri iwezekanavyo. Ukiizidisha umeongeza kizuizi.

Pedi ni karatasi laini ya silikoni iliyochanganywa na unga wa madini yanayopitisha joto. Huuzwa kwa unene: milimita 0.5, 1, 1.5, 2, 3. Imetengenezwa kwa ajili ya mahali ambapo chuma hakifiki, mfano chipu za kumbukumbu zilizo fupi kuliko prosesa iliyo jirani yake. Hitisinki ikishakaa juu ya prosesa, chipu hizo hubaki na nafasi juu yake. Pesti haiwezi kujaza nafasi ya milimita moja: itateremka, itakauka, itaacha mapengo. Pedi inabaki pale ulipoiweka.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Chukua prosesa ya laptopu inayotoa wati 15, chipu yake ina eneo la sentimita moja ya mraba. Ukipaka pesti yenye namba 5 ikabanwa hadi unene wa milimita 0.05, tofauti ya joto kati ya chipu na shaba ni nyuzi 1.5. Weka pesti hafifu yenye namba 2, tofauti inakuwa chini kidogo ya nyuzi 4. Weka pedi ya milimita moja yenye namba 5, tofauti inaruka hadi nyuzi 30. Hata ukiagiza pedi ya gharama iliyoandikwa 12, bado ni nyuzi 12 na nusu. Unaona? Pesti dhaifu kuliko zote dukani inaipita pedi ya fahari, kwa sababu unene unakula kila faida ya namba. Na hapo sijahesabu kile kinachopotea pale vitu vinapogusana.

Igeuze hesabu kwenye chipu ya kumbukumbu ya kadi ya grafiki. Yenyewe inatoa labda wati 2, na mgongo wake ni mpana, tuseme milimita 14 kwa 12. Pedi ileile ya milimita moja yenye namba 5 inaleta tofauti ya nyuzi 2.4 tu. Hapo pedi imefaa kabisa.

Basi kanuni yangu ni hii: pale hitisinki inapoikandamiza chipu moja kwa moja kwa skrubu au springi, weka pesti. Pale watengenezaji walipoacha nafasi makusudi, weka pedi ya unene uleule waliouweka. Kwa kawaida prosesa na chipu kuu ya grafiki ni za pesti; chipu za kumbukumbu, mosifeti (vidude vidogo vinavyodhibiti umeme) na koili za umeme ni za pedi. Diski za SSD aina ya NVMe zenye kifuniko cha chuma nazo ni za pedi.

Kabla hujafungua, uliza kama kosa ni la pesti kweli

Hapa kwetu vumbi na unyevu wa bahari hufanya kazi pamoja. Kati ya feni na mapezi ya hitisinki hujengeka tabaka la vumbi lililoshikamana kama zulia, na hewa haipiti tena. Nimepokea mashine nyingi ambazo pesti yake ilikuwa salama na tatizo lote lilikuwa zulia hilo. Kwa nyumba zilizo karibu na maji, kama kule Raskazone, utakuta pia mapezi ya alumini yameota unga mweupe na shaba imeingia ukijani. Safisha kwa brashi laini, ukiwa umeizuia feni kwa kidole isizunguke hovyo, kisha ipulize.

Dalili ya pesti iliyokufa ni tofauti. Joto linaruka ghafla, sekunde moja au mbili baada ya kuipa mashine kazi, na linashuka vilevile ghafla kazi ikikoma. Hitisinki yenyewe na hewa inayotoka vinabaki vuguvugu wakati programu inasema prosesa iko nyuzi 95. Joto limekwama ndani, halivuki. Ukiona hewa inayotoka inachoma na feni inanguruma, basi joto linavuka vizuri, tafuta vumbi.

Andika namba za joto kabla ya kugusa chochote. Kuzisoma, mimi natumia programu ya HWiNFO kwenye Windows, na amri ya sensors kwenye Linux. Iache mashine ipumzike dakika kumi, andika. Ipe kazi nzito dakika ishirini, andika. Andika na joto la chumba. Chumba kikipanda nyuzi tano, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi hizohizo, kwa hiyo ukilinganisha namba za Julai na za Februari bila kutoa joto la chumba utajidanganya.

Hatua ya kwanza: kufungua

Zima, chomoa chaja, fungua kifuniko, chomoa waya wa betri, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Skrubu za hitisinki ya laptopu nyingi zina namba zimechongwa pembeni: 1, 2, 3, 4. Legeza kuanzia namba kubwa kurudi ndogo, kila moja kidogo kidogo. Kama hazina namba, nenda kwa msalaba.

Pesti iliyokauka hushika kama gundi. Usikwangue wala usivute kwa nguvu. Kwa kompyuta za mezani zenye prosesa za AMD Ryzen za soketi ya AM4 hili ni la kuogopwa hasa: prosesa hutoka na hitisinki yake, ikichomoka kwenye soketi wakati bado imefungwa, na pini zilizo chini yake hupinda. Iwashe mashine kwanza dakika chache ipate moto, izime, kisha izungushe hitisinki kushoto na kulia taratibu hadi isikike imeachia. Ndipo uinue.

Hatua ya pili: chora ramani ya pedi

Piga picha bodi na kitako cha hitisinki kabla ya kufuta hata tone. Halafu chora kwenye karatasi kila pedi ilipokaa na unene wake. Hatua hii ndiyo watu wanaoiruka, na mimi niliwahi kuiruka.

Kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea kadi yake ya grafiki. Pedi zake za milimita 1 zilikuwa zimechakaa, nami nilikuwa nimebakiwa na za 1.5. Nikasema ni laini, zitabanika. Nikafunga. Kadi ikawaka, na ndani ya dakika chache ikajizima. Nilipofungua tena, pesti ilikuwa imekaa vilevile nilivyoiweka, kitone kimevimba katikati ya chipu, kimebonyea upande mmoja tu. Zile pedi nene zilikuwa zimeinyanyua hitisinki yote, na chipu kuu, ile inayotoa joto kuliko zote, ilikuwa haijaguswa. Nusu milimita ilitosha. Kadi ilipona kwa sababu ilijua kujizima. Nikaagiza pedi za milimita 1 kutoka Kariakoo, zikaja kwa basi kesho yake, kazi ikaisha.

Pedi ya zamani iliyobanwa miaka mingi hukudanganya ukiipima katikati. Pima ukingo wake uliokuwa nje ya chipu, ambao haukukandamizwa. Kama una kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, vizuri. Kama huna, karatasi ya A4 ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo karatasi kumi zilizobanwa pamoja ni milimita moja. Kadi ya benki ni milimita 0.76. Linganisha kwa macho na kwa ukucha.

Ikiwa pedi imesagika kabisa au fundi aliyetangulia aliitupa, tumia plastisini ya watoto. Finyanga kidonge, kifunge kwenye nailoni nyembamba, kiweke juu ya chipu ya kumbukumbu, funga hitisinki kwa skrubu zote bila umeme, kisha fungua. Unene wa kidonge kilichobonyea ndio mwanya wako. Chagua pedi inayouzidi kidogo: mwanya wa 0.8 unataka pedi ya 1. Usirundike pedi mbili za 0.5 kupata moja. Kati yake unaingiza mgusano mwingine, na huteleza.

Hatua ya tatu: kusafisha

Futa pesti ya zamani kwanza ikiwa kavu, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi au karatasi ya kuchujia kahawa, kisha maliza kwa spiriti. Bora ni isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kusafishia vidonda ya duka la dawa ina maji ndani yake. Ukikosa nyingine itumie, lakini subiri ikauke kabisa. Chupa izibwe muda wote, kwa kuwa spiriti hunyonya unyevu wa hewa, na masika ya hapa yana unyevu wa kutosha. Thina na petroli usizisogeze: zinayeyusha plastiki na kuacha utelezi.

Ukiona vidude vidogo vya rangi ya udongo kando ya chipu tupu, yaani isiyo na kifuniko cha chuma, pitisha kitambaa kwa upole mno. Kikivunjika kimoja, mashine inaweza kuharibika.

Hatua ya nne: pedi kwanza

Kata kila pedi kwa kipimo cha chipu yake. Ina utando wa plastiki pande zote mbili, na utando wa pili mara nyingi hauonekani kirahisi. Nimefungua mashine zilizofungwa na utando ndani. Bandua mmoja, iweke kwenye chipu, ikandamize kwa kidole bila kuivuta, kisha bandua wa juu. Mikono iwe safi. Jasho na mafuta ya vidole hayana kazi pale.

Sasa fanya jaribio la mgusano. Tia kitone kidogo tu cha pesti kwenye prosesa, funga skrubu zote, fungua tena. Alama ya pesti inatakiwa iwe imetandaa sawasawa na kuwa nyembamba hadi uone chuma kwa mbali, na kila pedi iwe na alama ya chipu yake. Pedi isiyo na alama ni nyembamba mno. Pesti iliyobaki nene ina maana pedi fulani imezidi unene. Jaribio hili linakula dakika kumi na lingeniepusha na yaliyoipata kadi ya yule kijana.

Hatua ya tano: pesti

Futa pesti ya jaribio yote. Pesti iliyokwisha kubanwa na kuinuliwa ina viputo vya hewa, usiirudie.

Kwa chipu tupu ya laptopu mimi naitandaza kwa kipande cha kadi ya plastiki hadi ifunike pembe zote nne, nyembamba kama samli kwenye chapati. Chipu hizi ni ndogo, na kona iliyoachwa wazi hupata moto peke yake. Kwa prosesa ya mezani yenye kifuniko cha chuma, tone moja katikati, kubwa kidogo kuliko punje ya choroko, linatosha, skrubu zitalitandaza. Zile ndefu za Intel za soketi ya LGA1700 zinataka mstari kwa urefu wake.

Shusha hitisinki wima, isitelezeshwe. Kaza kwa namba, 1 hadi 4, nusu mzunguko kila moja, ukirudia hadi zigote. Ukimaliza moja kabisa kabla ya nyingine, pesti yote inakimbilia upande mmoja.

Vitu vingine utakavyosikia

Watu huniuliza kuhusu dawa ya meno na mafuta ya mgando. Dawa ya meno ina maji; inapoza siku chache, inakauka, inabaki chokaa. Mafuta yanayeyuka na kutiririka. Usiweke.

Ile pesti nyeupe ya mafundi redio ni halali, ina unga wa oksidi ya zinki, na kwa prosesa ndogo ya ofisini inafaa kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye mashine ya gemu itakauka na kusukumwa pembeni mapema, kwa sababu kila inapopata moto na kupoa, chuma kinatanuka na kunywea na kuikamua nje.

Kwa tatizo hilo la kukamuliwa, kipo kitu ninachokipenda sana: karatasi inayobadili hali, kama PTM7950 ya Honeywell. Ukiishika ni karatasi, ikifika karibu nyuzi 45 inalainika na kuingia kwenye mabonde kama pesti, na inapungua unene. Haikamuliwi kirahisi. Kwa laptopu zenye chipu tupu naona ndiyo chaguo bora kama unaweza kuipata. Shida yake kwetu ni kwamba joto la chumba linaifanya inate kwenye utando wake na kuchanika. Iweke kwenye friji dakika chache kabla ya kuibandua. Usihukumu joto la siku ya kwanza, iache ipate moto na kupoa mara kadhaa.

Karatasi za grafiti nazo zipo, hazikauki, ila zinapitisha umeme. Ikizidi ukingo na kugusa vidude vya pembeni unaweza kuunguza bodi. Metali ya maji yenye galiamu inapitisha joto kuliko pesti zote, na vilevile inapitisha umeme na kula alumini. PlayStation 5 imetoka kiwandani nayo. Enyi wenye vibanda vya gemu, PS4 ikinguruma leteni tubadilishe pesti, ni kazi ya kawaida. PS5 msimfungulie kijana wa bisibisi moja.

Kununua na kutunza

Namba kubwa kwenye pakiti isiyo na jina usiiamini sana. Bonyeza pesti kidogo: ikitoka mafuta kwanza, halafu uji mzito, imekaa kwenye joto muda mrefu na imejitenga. Pedi nzuri ikibonyezwa hubaki na alama ya kidole na hairudi haraka kama mpira. Iliyo ngumu haitashika chipu vizuri hata ukikaza. Bomba la pesti lihifadhiwe limefungwa, mahali penye kivuli, wala si kwenye dashibodi ya gari au bodaboda inayokaa juani.

Kupima na kuandika

Rudia majaribio yaleyale ya mwanzo, dakika kumi za kupumzika na ishirini za kazi, kisha toa joto la chumba kwenye kila namba ndipo ulinganishe. Kama tofauti kati ya kiini kimoja cha prosesa na kingine inazidi nyuzi kumi hivi, hitisinki imekaa upande. Fungua, safisha, anza upya hatua ya tano. Kama prosesa imepoa lakini kumbukumbu imepanda, rudi kwenye pedi.

Mwisho bandika kijikaratasi ndani ya kifuniko cha chini, ili fundi ajaye asianze kubahatisha. Cha yule mama wa steshenari kinasomeka: pesti ya kijivu, Februari, pedi ya koili za umeme milimita 1, chumba 32, kazi nzito 71, prosesani isiwekwe pedi.